Herufi zilizobaki kwenye kompyuta nyingine: uchambuzi wa kisa cha kijitabu cha dua

Kisa hiki kilitokea katika duka letu la steshenari na uchapaji lililoko Ngamiani, mjini Tanga, mwishoni mwa mwezi wa Shaabani, siku ambazo vyuo na misikiti huleta kazi zao zote kwa pamoja ili ziwahi Ramadhani. Maalim mmoja wa chuo cha jirani, mtu mzima aliyewasomesha vijana wengi wa mtaa wetu, aliingia asubuhi na flashi iliyofungwa ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na nakala moja ya karatasi iliyochakaa, akaomba achapiwe nakala 300 za kijitabu cha dua na adabu za funga chenye kurasa 48. Nakieleza kisa chenyewe kwa urefu kwa sababu ndani yake yamekutana karibu matatizo yote ya fonti, yaani maumbo ya herufi za kompyuta, ninayoletewa dukani kwa mwaka mzima, na kwa sababu kosa lililotugharimu halikuwa lile ambalo kompyuta ilitutangazia.

Ndani ya flashi mlikuwa na mafaili mawili. La kwanza lilikuwa PDF iliyotengenezwa katika duka jingine miaka kadhaa nyuma, na la pili lilikuwa faili la Word ambalo ndilo asili yake. Kijitabu kina maandishi ya aina tatu: maelezo ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini, aya na dua kwa Kiarabu pamoja na irabu zake zote, na kurasa nne za mwisho zenye shairi la Kiswahili lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyokuwa wakiandika wazee wa mwambao kabla ya kuja shule za Wajerumani na Waingereza. Shairi hilo Maalim alilirithi kwa babu yake, na alituambia mapema kwamba kurasa hizo nne ndizo anazoziogopea zaidi.

Tulianza na PDF, kwa kuwa mazoea ya kila duka la uchapaji ni kuamini kwamba PDF haibadiliki. Tulipoifungua kwa Adobe Reader, programu ya kusomea PDF, likatokea onyo kwamba programu imeshindwa kuipata au kuiunda fonti ya Traditional Arabic, na kwamba baadhi ya herufi huenda zisionekane au zisichapike sawasawa. Tukabonyeza kukubali. Kiswahili kilionekana safi mstari kwa mstari, lakini kila palipostahili kuwa na aya palikuwa na safu ya vidoto vyeusi vya ukubwa mmoja, mithili ya punje za pilipili manga zilizotungwa kwenye uzi.

Kijana ninayefanya naye kazi alipendekeza tuichape kama picha, njia ambayo imetuokoa mara nyingi: katika dirisha la kuchapa la Adobe Reader, ndani ya mipangilio ya ziada, kuna kisanduku cha kuiambia programu iutume kila ukurasa kwa printa kama picha nzima badala ya kutuma herufi. Ilitoka karatasi yenye vidoto vilevile, vikiwa vimekolea wino vizuri. Hapo ni vyema nieleze tofauti ambayo hata mafundi huisahau. Njia ya picha inafaa pale ambapo kioo kinaonyesha maandishi sahihi na karatasi ndiyo inayotoka na makosa, kwa maana hapo mgomvi ni printa na fonti zake. Kioo chenyewe kinapokuwa na makosa, picha hukipiga chapa kile kilichopo na si kile kilichokusudiwa.

Tukaigeukia Word. Faili likafunguka bila onyo lolote. Aya zilikuwepo, irabu zilikuwepo, shairi lilikuwepo, na sisi wawili tukashusha pumzi. Maalim alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri, nasi kwa kutaka kuwahi tukachapa sehemu ya kwanza ya kurasa 16 katika nakala 30. Huo ulikuwa uamuzi wangu, na ndio uliotuingiza hasara.

"Shikamoo Maalim, kazi imeshaanza," nikamwambia aliporudi.

"Marahaba, mwanangu. Hebu niione."

Maalim husoma kwa kidole, kama anavyowafundisha watoto. Kidole kikashuka taratibu kwenye ukurasa wa tano, kikasimama katikati ya mstari, kikarudi nyuma, kikasimama tena palepale. Mstari ulisomeka hivi: "Mtume Muhammad r amesema". Akaniuliza ile r inatafuta nini hapo. Katika nakala yake kuukuu, mahali hapohapo palikuwa na alama ndogo ya duara yenye maneno ya kumswalia Mtume, yaliyofumwa kuwa umbo moja. Tulipoendelea tukazikuta r nyingine, na katika baadhi ya kurasa badala ya r palikuwa na kisanduku kitupu. Nikashuka mpaka mwisho wa faili kwenye kompyuta: kurasa zilikuwa 51 na si 48. Orodha ya yaliyomo ilisema dua ya kufuturu iko ukurasa wa 31, na sasa ilikuwa imesogea hadi ukurasa wa 33.

Nakala 30 za kurasa 16 ni karatasi 120 za A4 zilizochapwa pande zote mbili, kurasa mbili kila upande, na gharama hiyo niliibeba mimi. Lakini katika kazi ya namna hii gharama haiishii kwenye karatasi na wino. Karatasi zenye aya hazitupwi jalalani pamoja na maganda ya machungwa, wala hazikatwi zikawa za kufungia karanga. Maalim alizihesabu mwenyewe, akazipanga, akazifunga kwa kamba ya katani, akaondoka nazo ili zichomwe kwa adabu inayostahili. Nilimtazama anavyozibeba kwapani nikaona kwamba nimemtwisha mzee mzigo ambao haukuwa wake, na tangu siku hiyo nilitaka kuelewa hatua kwa hatua kilichotokea ndani ya yale mafaili mawili.

Kilichokuwa kikitendeka ndani ya mafaili

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba faili la maandishi, kwa kawaida, halina herufi ndani yake. Lina nambari za herufi na majina ya fonti. Herufi ba ya Kiarabu, kwa mpangilio wa kimataifa wa nambari za herufi uitwao Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ni nambari 0628, iwe imeandikwa Tanga, Muscat au Jakarta. Faili huhifadhi nambari hiyo na pembeni yake huandika maelezo kwamba maneno haya yavishwe fonti fulani kwa ukubwa fulani. Umbo lenyewe la ba, lile tumbo lake na nukta iliyo chini, limo ndani ya faili jingine kabisa, yaani faili la fonti, ambalo kwenye Windows hukaa ndani ya folda ya Fonts. Ukilibeba faili la maandishi kwenye flashi, la fonti hubaki nyumbani.

Mji wetu ulilijua jambo hili zamani kwa sura nyingine. Gazeti la Kiongozi lilipokuwa likichapwa hapa Tanga katika shule ya serikali ya Wajerumani, kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, herufi zilikuwa vipande vya madini vilivyopangwa ndani ya makasha, na mpanga chapa aliyekosa kipande alikiona kitundu kitupu kwa macho yake. Angeweza kupeleka muswada wake popote, ila kasha la herufi lingebaki pale lilipo. Kompyuta imetuondolea makasha tusiyaone, na pamoja nayo imetuondolea dalili kwamba kuna kitu kimebaki nyuma.

PDF ilibuniwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 kwa lengo hasa la kulimaliza tatizo hili, kwa kuwa inaweza kuibeba fonti ndani yake. Kitendo hicho tunakiita kupachika fonti. Kwa kawaida huwa haipachikwi fonti nzima, bali yale maumbo yanayotumika tu katika waraka husika, ili faili lisiwe zito. Hata hivyo kuweza si kulazimika. Zipo programu za kutengeneza PDF zinazoweza kupangwa zisipachike kitu, na zipo fonti 14 za msingi, yaani sura nne za Times, nne za Helvetica, nne za Courier, pamoja na Symbol na ZapfDingbats, ambazo tangu zamani programu za kusomea PDF zilitarajiwa kuwa nazo zenyewe au kuwa na kifani chake. Ndiyo maana Kiswahili cha Maalim, kilichokuwa katika Times, kilionekana safi huku Kiarabu kikiwa kimeteketea. Adobe Reader inapoikosa fonti ya Kilatini huweza kuiga upana wake kwa kutumia fonti zake mbili za akiba, Adobe Serif MM na Adobe Sans MM, na msomaji asigundue haraka. Kwa Kiarabu fonti hizo hazina msaada.

Kuna sababu ya pili, ambayo ni ya ndani zaidi, iliyofanya vile vidoto visirekebishike. Tulipofungua sifa za ile PDF na kutazama sehemu ya fonti, mbele ya jina la Traditional Arabic hapakuwa na maelezo kwamba imepachikwa, na mpangilio wake wa nambari ulikuwa ule unaoitwa Identity-H. Katika mpangilio huo, PDF haiandiki nambari ya Unicode ya herufi, bali huandika namba ya umbo kwa jinsi lilivyopangwa ndani ya faili la fonti lenyewe: umbo la mia tatu na kitu, kisha la mia nne na kitu, na kuendelea. Namba hizo zina maana kwa fonti ile tu, na wakati mwingine kwa toleo lile tu la fonti ile. Ni kama kuachiwa karatasi iliyoandikwa "chukua kitabu cha kumi na mbili kwenye rafu", na rafu imeshahama nyumba. Kwa sababu hiyo Adobe Reader haikubahatisha. Iliweka vidoto na kutoa onyo, na kwa kweli ilitenda haki.

Kwa nini basi fonti hiyo haikuwepo kwenye kompyuta yetu, ilhali ni ya Microsoft yenyewe? Faili la Maalim liliandikwa kwenye Windows 7, ambayo Traditional Arabic ilikuja nayo moja kwa moja. Kuanzia Windows 10, fonti kadhaa za Kiarabu, miongoni mwake Traditional Arabic, Simplified Arabic, Andalus, Arabic Typesetting na Sakkal Majalla, ziliondolewa kwenye usakinishaji wa kawaida zikawekwa katika kifurushi cha hiari. Mtu aliyeweka Windows kwa lugha ya Kiingereza, kama ilivyo karibu katika kila duka la hapa, hazipati mpaka aziombe. Nina hakika kwamba matatizo mengi ya nyaraka za Kiarabu zilizoanza kuharibika watu walipobadilisha kompyuta chanzo chake ni hiki, na wengi wao wamekuwa wakiilaumu flashi au virusi.

Sasa nije kwenye faili la Word, ambalo ndilo kiini cha kisa. Word haikutoa onyo kwa sababu haikuona kosa. Ilizikuta nambari za Unicode za herufi za Kiarabu, ikaikosa Traditional Arabic, ikachukua fonti nyingine iliyokuwapo yenye Kiarabu, ikaendelea na safari. Kila herufi ilikuwa sahihi, ila upana wa herufi na nafasi kati ya mistari ni vya fonti nyingine, na kwa hiyo mistari ikasukumana, ukurasa ukamimina kwenye ukurasa, zikafika 51. Aya chache zilipoteza uwiano wa irabu: penye shada na kasra juu ya herufi moja, alama hizo zilibanana kiasi kwamba mtoto anayejifunza kusoma angekisia. Mtu mzima aliyehifadhi hapotei hapo. Kijitabu hiki lakini kinasomwa na watoto.

Zile r zina asili tofauti. Mwandishi wa kwanza alitumia fonti ya mapambo iitwayo AGA Arabesque, ambayo badala ya herufi za kawaida ina maumbo ya maneno ya heshima na nakshi. Ukibonyeza r kwenye kibodi huku fonti hiyo imechaguliwa, kioo huonyesha swala ya Mtume. Lakini kilichohifadhiwa ndani ya faili ni r. Fonti ikikosekana, joho linavuka na r inabaki imesimama mbele ya jina tukufu. Mahali palipokuwa na kisanduku kitupu ni pale ambapo mwandishi hakutumia kibodi bali aliichopeka alama hiyo kutoka kwenye jedwali la alama, na Word ikaihifadhi kwa nambari ya faragha ambayo fonti nyingine hazina umbo lake. Kisanduku kitupu ni umbo la akiba lililomo ndani ya kila fonti kwa ajili ya kusema "hili sinalo". Kati ya dalili hizo mbili, naiheshimu zaidi ile ya kisanduku, maana hata asiyejua kusoma anaona kwamba pana pengo, ilhali r imevaa sura ya herufi halali na inapita mbele ya macho ya mtu mwenye haraka, kama ilivyopita mbele ya yangu.

Maalim alituonyesha pia hali ya tatu kwenye simu yake. Huko kurasa za shairi zilionekana, lakini katika maneno yenye v, ambayo kwa herufi za Kiarabu wazee wetu huiandika kama fa yenye nukta tatu, herufi hiyo ilikuwa imejitenga na wenzake, nene kuliko nyingine, na neno limekatika vipande. Fonti iliyotumiwa na simu haikuwa na herufi hiyo, kwa kuwa Kiarabu chenyewe hakiihitaji, na simu ikaiazima kwenye fonti ya pili. Na herufi za Kiarabu zikitoka katika fonti mbili aghalabu hushindwa kushikana mikono. Mwandishi wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu anahitaji fonti yenye pa, cha, va na ga, na ni lazima aihakikishe kabla hajaanza kuandika.

Tulivyolirekebisha

Hatua ya kwanza ilikuwa kuiuliza Word yenyewe imebadilisha nini. Katika menyu ya faili, ndani ya chaguo za ziada, upande wa jinsi waraka unavyoonyeshwa, kuna kitufe cha ubadilishaji wa fonti. Ukikibonyeza, hufunguka dirisha lenye jina la fonti iliyokosekana upande mmoja na iliyowekwa mahali pake upande wa pili. Yalikuwamo majina mawili, Traditional Arabic na AGA Arabesque. Dirisha hilo limekuwepo miaka yote niliyofanya kazi hii, na mpaka siku hiyo nilikuwa sijalifungua hata mara moja kabla ya kuchapa.

Traditional Arabic tuliipata kwa njia halali na bila malipo. Tuliingia kwenye mipangilio ya Windows, tukafika kwenye vipengele vya hiari, tukaongeza kifurushi chenye jina "Arabic Script Supplemental Fonts", tukasubiri intaneti imalize kazi yake, kisha tukaifunga Word na kuifungua upya. Kurasa zikarudi 48. Kwa udadisi tuliifungua na ile PDF, na vidoto vikageuka kuwa Kiarabu. Kijana wangu alifurahi, akataka tuchape kutoka hapo. Nilikataa, na bado naona nilikuwa sahihi: ile PDF ilikuwa inategemea namba za maumbo, nasi hatukujua kompyuta ya kwanza ilikuwa na toleo lipi la fonti. Herufi moja ikihama katika aya, hakuna onyo litakalotokea.

Kuhusu AGA Arabesque, hatukuitafuta kwenye tovuti za fonti za bure, ambazo nyingine hukupa faili la kusakinisha programu usizozitaka pamoja na fonti uliyoiomba. Sababu kubwa zaidi ni kwamba kuirudisha kungerudisha tatizo lilelile kwa duka litakalofuata. Tuliamua kuiondoa kabisa na kuweka mahali pake alama ya Unicode ya swala ya Mtume, ﷺ, ambayo ina nambari yake rasmi, FDFA, na ambayo kila programu itaitambua kuwa ni hiyo na si r. Kwenye Word inatosha kuandika FDFA kisha kubonyeza vitufe vya Alt na X kwa pamoja.

Kazi hii ya kubadilisha inataka utulivu. Ukiamuru kila r ibadilishwe, utaiharibu Ramadhani, riziki na rehema katika kitabu kizima kwa mbofyo mmoja. Dirisha la kutafuta na kubadilisha la Word huruhusu kutaja fonti pamoja na herufi, kwa hiyo tuliamuru itafutwe r iliyovishwa AGA Arabesque peke yake. Zilipatikana 56. Visanduku vitupu havikukubali njia hiyo, tukavitafuta kimoja kimoja kwa kulinganisha na nakala kuukuu ya Maalim, yeye akisoma na mimi nikiwa kwenye kioo, tukapata saba. Jumla ikawa 63, na Maalim alizihesabu mara mbili kwa penseli kwenye nakala yake kabla hajaniruhusu kuendelea.

Kwa maandishi yenyewe tuliamua kuachana na Traditional Arabic tukijua kwamba mpangilio wa kurasa ungepaswa kufanywa upya. Aya na dua tuliziweka katika Amiri, fonti iliyotengenezwa na Mmisri Khaled Hosny kwa kufuata chapa ya Kiarabu ya matbaa ya Bulaq ya Cairo ya mwanzoni mwa karne ya 20. Shairi tuliliweka katika Scheherazade New ya shirika la SIL, ambayo imekusudiwa kwa lugha nyingi zinazotumia herufi za Kiarabu nje ya Kiarabu, na ambamo va yetu yenye nukta tatu ilishikana na wenzake vizuri. Zote mbili zimetolewa kwa leseni huria ya fonti, inayomruhusu mtu kuzitumia, kuzipachika na hata kuzigawa pamoja na waraka wake. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu zipo fonti ambazo watengenezaji wake wametia alama ndani yake ya kukataza zisipachikwe, na Word au programu ya PDF huitii alama hiyo.

Maalim alipouona ukurasa wa kwanza wa shairi katika fonti mpya alinyamaza kwa muda, kisha akasema nukta zimekaa kama babu alivyokuwa akiziweka, tatu kwa pembe, wala hazikujipanga mstari mmoja. Sifa hiyo ni ya waliochora fonti, nami nainukuu kwa kuwa inaonyesha kile ambacho msomaji hukosa fonti inapobadilishwa bila yeye kuulizwa.

Mwisho tulitengeneza PDF mpya. Katika dirisha la kuhifadhi kama PDF, Word ina chaguo la kufuata kiwango cha ISO 19005-1, kijulikanacho kama PDF/A, kilichotolewa mwaka 2005 kwa ajili ya nyaraka za kuhifadhiwa muda mrefu. Kiwango hicho kinalazimisha fonti zote zipachikwe, hata zile za msingi. Faili jipya lilikuwa zito mara tatu ya lile la zamani, na bado lilipita kwenye WhatsApp bila shida. Tulifungua sifa zake, tukaona mbele ya kila jina maelezo kwamba fonti imepachikwa kwa sehemu. Kijana akalipima pia kwenye kompyuta mpakato yake yenye mfumo wa Ubuntu badala ya Windows, kwa amri ya pdffonts, inayotoa orodha ya fonti zote pamoja na safu ya emb inayosema ndiyo au hapana. Zote zilisema ndiyo, na kila jina lilitanguliwa na herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha, ambayo ndiyo dalili ya fonti iliyopachikwa kwa sehemu. Kompyuta hiyo hatukuwa tumeiwekea Amiri wala Scheherazade New. Tulilifungua faili humo, kisha kwenye simu ya Maalim, na kurasa zikawa 48 pote.

Hapo ndipo ilipochapwa nakala moja tu. Maalim aliisoma kwa kidole kuanzia alasiri hadi karibu na magharibi, akatukosoa mahali pawili ambapo kosa lilikuwa la mwandishi wa kwanza na halikuhusu fonti kabisa. Tulirekebisha, tukatengeneza PDF upya, tukaipima upya, na nakala 300 zikatoka siku iliyofuata.

Kuna jambo limebadilika dukani. Zamani onyo la fonti likitokea tulilichukulia kuwa ndilo tatizo, na lisipotokea tuliona kazi iko tayari. Sasa kila faili la Word linaloingia linafunguliwa dirisha la ubadilishaji wa fonti kwanza, hata kama ni barua ya kuomba kazi ya ukurasa mmoja. Barua hizo nazo zina mambo yake: zilizoandikwa kwa Aptos, ambayo Microsoft ilianza kuifanya fonti ya kawaida ya Word mwaka 2023 badala ya Calibri, zikifunguliwa kwenye Word ya zamani hubadilishwa kimya, na saini ya mwombaji hujikuta peke yake kwenye ukurasa wa pili. Penye LibreOffice, programu huria ya kuandikia, afadhali kidogo, kwa kuwa Calibri huwekewa Carlito, ambayo maumbo yake yanatofautiana lakini upana wa kila herufi ni uleule, na mistari haihami. Mteja mwenye PDF peke yake isiyopachikwa fonti tunamwomba arudi kwa aliyeitengeneza, au atuletee faili la asili, kwa maana kile ambacho hakikuwekwa ndani ya faili hatuwezi kukitoa humo.

Maalim alipokuja kuchukua kazi yake aliomba kitu kimoja ambacho sikukitarajia. Alitaka flashi yake iwe na folda tatu: faili la Word, PDF, na mafaili ya fonti zenyewe pamoja na leseni zake. Kisha akaomba kwamba ndani ya jalada la nyuma, kwa herufi ndogo, yaandikwe majina ya fonti. Akasema vitabu vya zamani alivyovikuta kwa babu yake viliandikwa mwishoni jina la aliyenakili na mahali aliponakilia, na kwamba yeye haoni kwa nini herufi nazo zisitajwe. Tuliandika hivi: "Maandishi ya Kiarabu yamepangwa kwa Amiri. Shairi limepangwa kwa Scheherazade New. Tanga, Shaabani." Aliusoma mstari huo kwa kidole, akauliza kama Scheherazade ndivyo inavyoandikwa, nikamwonyesha jina la faili kwenye kioo, akarudi kuufuata herufi kwa herufi mpaka mwisho.